Bendi ya tumboni imeteleza, nami naogopa kuilegeza

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 44, nimeolewa, nina watoto wawili. Nakuandikia usiku nikiwa nimeketi kitandani, maana kulala siwezi. Nikijinyoosha tu, kitu kichungu kinapanda kooni na kikohozi kinaanza. Nimepanga mito mitatu na juu yake nimetandika taulo, kwa sababu asubuhi nyingi naamka foronya imelowa na inanuka chakula cha jana.

Miaka tisa iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, ule wa kuwekewa bendi. Ni pete ya silikoni inayozungushwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ina mpira mwembamba unaoishia kwenye kitufe chini ya ngozi, na pale daktari huchoma sindano kuongeza maji ikaze au kuyapunguza ilegee. Nilikuwa na kilo 118 na kimo changu ni sentimita 162. Magoti yalikuwa yananiua, sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa na kilo 81. Mama, sijui nikueleze vipi. Siku moja nilikaa kitini nikakunja nne bila kufikiri, kisha nikaitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine.

Hapo ndipo uongo wangu ulipoanzia. Aliyejua ni mume wangu peke yake. Wengine wote niliwaambia nimefunga mdomo na ninatembea asubuhi. Waliamini, wakanisifu, nami nikazizoea sifa. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, hadi leo ananiita mwalimu. Mwaka huu ameanza kula mlo mmoja kwa siku "kama ulivyofanya wewe", na juzi amezimia kazini. Nilikwenda kumchukua, nikamlaza mapajani mwangu kwenye gari, nikampa juisi kidogo kidogo. Bado sikusema kitu.

Shida zenyewe zina kama miaka mitatu. Chakula kinakwama. Nikimeza kipande cha kuku ambacho sikukitafuna hadi kikawa uji, nakisikia kimesimama chini ya mfupa wa kifua kama ngumi. Mate yanajaa mdomoni, mazito, yana povu, halafu hakuna ujanja, lazima niinuke. Kila harusi ninayoalikwa nakijua choo kilipo kabla sijamwona bibi harusi. Nyama nimeacha, mkate nimeacha. Kinachoteremka ni aiskrimu, chokoleti, biskuti zilizochovywa kwenye chai na maziwa yenye sukari. Kwa hiyo natapika karibu kila siku na bado nanenepa. Sasa nina kilo 97.

Binti yangu ana miaka 11. Siku hizi nikiinuka mezani naye anainuka, anasimama nje ya mlango wa choo ameshika glasi ya maji. Mwezi uliopita alianza kukataa nyama. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Inakwama." Yeye hana bendi, mama.

Baada ya hapo ndipo nikaenda hospitali. Nilinyweshwa dawa nyeupe nikapigwa picha huku nameza. Nikaambiwa bendi imeteleza kidogo na umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, umetanuka juu yake. Daktari alitaka kutoa maji yote palepale. Nilikataa, nikamwambia anipe muda nifikiri. Ukweli ni kwamba niliogopa njaa. Naikumbuka ile njaa ya zamani. Nilikuwa naamka saa nane usiku nakula nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, bila hata kuwasha taa. Bendi hii ndiyo breki pekee niliyo nayo.

Daktari huyo anashauri bendi itolewe, na siku hiyohiyo nifanyiwe ule upasuaji wa kukata mfuko wa chakula ubaki mwembamba. Wa pili niliyemwendea anasema hapana, itolewe kwanza, nikae angalau miezi mitatu, ndipo nifanyiwe upasuaji mwingine uitwao baipasi. Mume wangu anasema itolewe tu, niachane na visu, "nilikuoa na kilo zako". Nimesoma pia habari za sindano za kupunguza unene. Mimi mwenyewe nafikiri labda nivumilie, nijifunze kula kwa adabu, kwa sababu naona bendi nimeiharibu kwa mdomo wangu. Kuna wenzangu wamewekewa na hawatapiki.

Naogopa kurudi nilikotoka. Tena nikinenepa watu watauliza, na nikilazwa watauliza vilevile. Nifanye nini?

Nilisahau kukwambia, kile kitufe kimekuwa chekundu wiki mbili hizi na kinauma nikikigusa. Nadhani ni sketi inakisugua. Na magoti yamenirudia, nameza ibuprofeni karibu kila siku.

Mama wa wawili


JIBU

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwishoni, pale uliposema "nilisahau kukwambia". Nilifanya kazi wodini miaka mingi kabla sijashika kalamu hii, na nakumbuka jinsi wagonjwa walivyokuwa wakiliacha jambo kubwa mpaka wameshika kitasa cha mlango watoke. Basi niruhusu nami nianzie kitasani.

Sketi inaweza kusugua, sikatai. Lakini kitufe kilichokaa kimya miaka tisa, halafu kikawa chekundu na kuanza kuuma, kinataka kuangaliwa na daktari wiki hii hii. Mara nyingine chanzo hakiko kwenye ngozi kabisa. Bendi huweza kuula ukuta wa mfuko wa chakula taratibu mpaka ikaingia ndani, kisha vijidudu vya tumboni vikaufuata ule mpira, vikatokea kwenye kitufe. Mtu anaona wekundu kidogo tu, hana hata homa. Picha ya kumeza dawa huonyesha vizuri bendi iliyoteleza. Iliyopenya ndani hutafutwa kwa endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na wewe hukunieleza kama umefanyiwa. Ikiwa bado, ulizia, kwa sababu majibu yake yanaweza kuufuta mjadala mzima wa madaktari wako. Bendi iliyopenya hutolewa, tumbo likaachwa lipone kwanza. Habari ya kuunganisha na upasuaji mwingine siku hiyohiyo inakuwa haipo. Na kabla mtu hajachoma sindano kwenye kitufe hicho, mwonyeshe wekundu huo, aamue mwenyewe cha kufanya.

Sasa nikurudishie maneno yako, uniambie kama nimekuelewa. Una bendi iliyoteleza, inakutapisha, inakunyima usingizi. Umepewa njia nne au tano, na kila aliyekupa ana uhakika na ya kwake. Wewe umesimama katikati umeikumbatia bendi, kwa sababu unaamini mambo mawili: kwamba umeiharibu mwenyewe, na kwamba bila yenyewe utarudi kilo 118. Na chini ya yote kuna siri iliyokaa miaka tisa, ambayo kila njia unayoonyeshwa inataka kuifichua.

Naomba tuanze na hili la kuharibu. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi huko Marekani uliowafuatilia watu zaidi ya 25,000 waliowekewa bendi chini ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu. Katika wastani wa miaka minne na nusu, asilimia 18.5 walikuwa wamerudishwa chumba cha upasuaji kwa ajili ya bendi hiyohiyo, na wengi wao zaidi ya mara moja. Karibu mmoja kati ya watano, na wewe una miaka tisa. Wote hao walikuwa walafi? Bendi iliruhusiwa Marekani mwaka 2001 na ikapendwa sana, kisha madaktari wengi wakaipa kisogo kwa sababu ya haya haya unayoniandikia. Kutapika kwenyewe kunaisukuma bendi. Ikishasogea chakula kinakwama zaidi, kikikwama unatapika zaidi. Ni duara, na sijui kama kuna mtu anayeweza kuonyesha lilianzia kwenye tonge gani. Hao wenzako wasiotapika, siku hizi wanakuambia kila kitu? Wewe mbona hukuwaambia?

La breki ni zito zaidi, na sitaki kukudanganya. Maji yakitolewa, njaa itarudi. Wengi huanza kuisikia siku chache tu baadaye. Lakini hebu tuhesabu kwa namba zako. Ulipungua kilo 37. Zimerudi 16, bendi ikiwa ndani na imekazwa. Ni breki ya aina gani hii, inayomsimamisha kuku na kuipisha aiskrimu? Bendi haijui chakula kizuri na kibaya, inajua kigumu na laini. Ikikaza kupita kiasi humsukuma mtu kwenye vitamu vinavyoteleza, navyo havishibishi. Sisemi ukilegezwa utapungua. Najiuliza tu kama hicho unachokilinda kwa mikono miwili bado kipo.

Nadhani pia umefunga mambo mawili kwenye fundo moja. Kutoa maji na kutoa bendi ni vitu tofauti. Kutoa maji hakuna kisu wala nusukaputi. Unalala kwenye kitanda cha uchunguzi, unainua kichwa kidogo ili misuli ya tumbo ikaze na kitufe kisimame, daktari anakipapasa, anachoma, anavuta. Niliwashikia mkono wengi. Dakika chache zilitosha. Kisha tulikuwa tunampa mtu glasi ya maji anywe akiwa amekaa, na nakumbuka zile nyuso, mtu anameza, anatulia, anasubiri kikwame, hakikwami. Umio uliotanuka mara nyingi hurudi kidogo kidogo ukipumzishwa, na bendi iliyoteleza kidogo yaweza kujirekebisha ndani ya wiki kadhaa, picha ikarudiwa. Maji hayo yanaweza kurudishwa baadaye kama daktari ataona inafaa. Kwa hiyo ulipokataa sindano siku ile ukidhani unajipa muda wa kufikiri, inawezekana sindano ndiyo iliyokuwa muda wenyewe.

Lile la kikohozi cha usiku nitalisema waziwazi, kwa kuwa hapa kunyamaza ni kukukosea. Chakula kinachopanda ukiwa umelala kinaweza kuingia mapafuni kikaleta nimonia. Bendi iliyoteleza nayo inaweza siku moja kukibana kipande cha mfuko wa chakula hadi damu isifike. Ikitokea maumivu makali yasiyoachia, au ukashindwa kumeza hata mate yako, au homa, au ukatapika damu, hiyo si ya kusubiri asubuhi wala ya kuniandikia mimi. Na jambo dogo ambalo watu hulisahau: aliyetapika kwa wiki nyingi hupungukiwa vitamini B1. Miguu ikifa ganzi, ukayumba unapotembea, ukaona vitu viwili viwili au akili ikachanganyikiwa, wakimbilie, na waambie umekuwa ukitapika kabla hawajakutundikia dripu ya glukosi, kwa maana B1 inatakiwa itangulie.

Tuje kwenye visu. Sikuchagulii, ila nikuonyeshe nikiangalia ninaona nini.

Daktari wa kwanza anataka ukatwe mara moja tu. Huo upasuaji wa pili anaousema huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu hivi, na kinachobaki kinafanana na mkono wa shati. Nusukaputi moja, kulazwa mara moja, hakuna miezi ya katikati ambayo uzito unaweza kupanda. Kwa mtu mwenye siri, naelewa kwa nini unamvutia. Ila bendi iliyokaa miaka tisa huacha kovu gumu palepale juu ambapo pini za kushonea zitapita, na pini kwenye kovu zina hatari kubwa zaidi ya kuvuja. Ndiyo maana wengine hupenda kusubiri. Tena kilichokatwa hakirudishwi. Na kwako wewe kuna kiungulia. Mfuko mwembamba una presha kubwa ndani, hivyo wapo ambao kiungulia huwazidi baada ya upasuaji huu. Sehemu ya hicho chako bila shaka inatokana na bendi. Ni kiasi gani? Utajua ukishalegezwa ukalala wiki mbili tatu. Unaona jinsi kila kitu kinavyorudi kwenye ile sindano?

Wa pili ameliangalia koo lako. Kwenye baipasi hubakizwa kifuko kidogo juu, kikaunganishwa na utumbo, na tindikali haina njia rahisi ya kupanda, kwa hiyo wenye kiungulia kikali mara nyingi huelekezwa huko. Gharama yake kwa mwili ni ya aina nyingine. Vitamini na madini utameza maisha yako yote, B12, chuma, kalisi, na damu ikapimwe kila mwaka. Ukila vitamu kwa wingi unaweza kutokwa jasho, moyo ukaenda mbio, tumbo likaharisha. Wengine hilo wanaliona msaada, wengine adhabu. Utumbo unaweza kujisokota au kunasa hata miaka baadaye. Halafu zile ibuprofeni. Hukuziweka kwenye hesabu, lakini mtu wa baipasi huambiwa aziache kabisa, kwa kuwa huleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Hata leo, kwa hali ya umio wako, sizipendi. Mwambie daktari kuhusu magoti ili akutafutie dawa nyingine, na mweleze umekuwa ukizimeza kwa muda gani.

Ukiwa peke yako na kila mmoja wao, mpe swali la mwenzake. Wa kwanza mwulize, "Na kiungulia changu je?" Wa pili mwulize, "Hiyo miezi mitatu ya kusubiri, njaa ikinirudia, nani atanishika mkono?" Wote wawili waulize ni wagonjwa wangapi waliokwisha kuwekewa bendi amewabadilishia, kwa sababu kufanya upasuaji kwenye tumbo lililokwisha guswa si sawa na kuufanya kwenye tumbo jipya. Sikiliza majibu, na sikiliza pia kama ameudhika kwa kuulizwa.

Bendi ile ile kupangwa upya au kuwekwa nyingine, wachache wanafanya siku hizi. Usishangae kama hakuna aliyekutajia.

Mume wako nimempenda. "Nilikuoa na kilo zako." Ila kama hutakasirika, niseme kwamba amejibu swali ambalo wewe hukuuliza. Yeye anazungumzia atakavyokuona, wewe unazungumzia magoti, sukari na friji ya saa nane usiku. Njia yake hata hivyo si ya kudharau. Kutoa bendi na kukomea hapo ndio upasuaji mdogo kuliko yote, na haufungi mlango. Ukiona mwaka umepita na unaumia, baipasi itakuwa bado ipo. Ubaya wake unaujua: wengi wanaotolewa bendi bila kufanyiwa kingine, uzito huwarudia. Mwili uliopungua huongeza njaa ili urudi ulipokuwa, na huo ni mpango wa damu na homoni kabla haujawa jambo la nidhamu.

Hizo sindano nazo ni za kweli. Semaglutaidi, tirzepataidi, zilianzia kwenye ugonjwa wa kisukari na zimewapunguza watu wengi. Lakini zinafanya tumbo lichelewe kumwaga chakula, na kichefuchefu ni jambo la kawaida nazo. Kwa mtu ambaye bendi imemkaba na anatapika kila siku, hapana, si sasa. Bendi ikishalegezwa au kutolewa, zinaweza kuwa mazungumzo, pengine hata daraja la kukuvusha ile miezi mitatu. Uliza tu na swali la pili: nikiziacha itakuwaje? Maana wengi wakiacha, kilo hurudi.

Kuna kitu kimoja hakuna daktari wa upasuaji anayekikata, nacho ni ule usiku. Ulikiandika kwa mstari mmoja ukapita, mlango wazi, taa imezimwa. Anayekula vile mara nyingi ana njaa ya kitu kingine pia, na bendi ilikizuia chakula bila kukiuliza kilikuwa kinafuata nini. Njia yoyote utakayoshika, mtu wa kuzungumza naye habari za ulaji huo atakusaidia kuliko unavyodhani. Hospitali nyingi zinazofanya upasuaji huu zina mtaalamu wa namna hiyo. Kama hukukutanishwa naye miaka tisa iliyopita, hiyo ilikuwa kasoro yao.

Sasa siri. Mwili ni wako, na habari zake ni zako. Huna deni la kumweleza kila aliyekusifu. Lakini nikisoma barua yako naona siri hii ina watu wawili wanaoila bila kujua.

Wifi yako alizimia. Ulimlaza mapajani na neno likakukwama kuliko kuku. Nakuuliza tu, ungepoteza nini hasa ukimwambia sentensi moja: "Mimi sikupungua kwa mlo mmoja kwa siku, nilisaidiwa na madaktari, na wewe nakuomba uache"? Si lazima aone kovu. Anaweza kukasirika, ndiyo, na haki anayo. Anaweza kulifikisha kwa mama mkwe kabla ya jioni, wewe ndiye unayemjua. Pima hilo na lile la yeye kuanguka tena, pengine akiwa ngazini au barabarani. Ukiona bado huwezi, basi angalau mpeleke akapimwe kuhusu huko kuzimia, na umsindikize wewe mwenyewe.

Binti yako ameshaamua kwamba nyama inakwama. Mtoto wa miaka 11 hajifunzi kwa tunayomwambia mezani, anajifunza akiwa amesimama nje ya mlango wa choo. Wengine wangekushauri umngojee akue. Mimi sina hakika kama unaongojea ni ukubwa wake au ujasiri wako, na nakusamehe ukinijibu kwa hasira. Unaweza kumwambia kitu kidogo chenye ukweli, kwamba wewe una pete tumboni uliyowekewa na daktari, imesogea, ndiyo inayokwamisha chakula, na kwamba yeye koo lake ni zima. Jiandae kwa maswali. La kwanza litakuwa kama utakufa. Ukiwa umeshatolewa maji na unaweza kula naye kipande laini cha kuku pole pole mkiwa mmekaa, jibu litakuwa jepesi zaidi kulitoa.

Chukua karatasi uandike: wekundu ulianza siku gani, unatapika mara ngapi kwa siku, usiku unaamka mara ngapi, vidonge unavyomeza na kiasi chake. Omba nakala ya ile picha na ya ripoti ya upasuaji wa kwanza, hasa aina ya bendi uliyowekewa na kiasi cha maji yaliyomo. Mumeo aje. Kazi yake huko isiwe kukuamulia, akae tu kiti cha pembeni asikilize yale ambayo wewe kwa woga hutayasikia. Na watu wakikuuliza mbona umelazwa, "tumbo linanisumbua" ni kweli tupu.

Ukishapata jibu la kitufe, niandikie hata mstari mmoja.

Mama mshauri